Jinsi ya kumuona konokono akijifunza, hapo hapo nyumbani

Tafuta konokono mkubwa, wale wanaotoka kwa wingi mvua zikianza, muweke kwenye sahani yenye unyevu umuache atulie mpaka atoe pembe zote nne. Usimshike mkono mtupu please, hawa wanaweza kubeba minyoo inayofika hadi ubongoni kwa binadamu, vaa glavu na ukimaliza nawa kwa sabuni.

Sasa lowesha pamba ya masikio, gusa pembe moja ndefu kidogo tu. Ataivuta ndani chap. Subiri aitoe, gusa palepale, nguvu ileile, na kila mara andika imekaa ndani sekunde ngapi. Ukienda hivyo utaona sekunde zinapungua, anaivuta nusu, mwisho anaipinda tu kidogo. Wengi hapa wanasema kachoka. Hapana, gonga sahani kwa nguvu ashtuke halafu gusa pembe ileile, utaona anaivuta tena vizuri kabisa, kumbe nguvu anazo, alikuwa ameshajua pamba haina madhara.

Hii ndo kazi iliyompa mwanasayansi wa ubongo Eric Kandel Nobel mwaka 2000. Yeye alitumia konokono wa baharini anaitwa Aplysia, ana seli za neva kama 20,000 tu na nyingine kubwa mpaka unaziona kwa macho. Seli moja na nyingine hazijagusana, kuna kijinafasi katikati, hapo ndo sinapsi, na ujumbe unavuka kwa kemikali. Ukimgusa gusa bila madhara, seli inayopokea mguso inamwaga kemikali inayozidi kupungua. Ukimpiga shoti mkiani, kemikali nyingine inaitwa serotonini inatoka, na seli ileile inamwaga nyingi. Yaani kumbukumbu ni kipimo cha kile kinachomwagwa pale, mimi hilo bado linanisisimua kila nikilifikiria.

Ila usiguse mara 40 kwa mkupuo ukadhani umemfundisha. Kwenye Aplysia miguso 10 ya kikao kimoja inasahaulika haraka, lakini vikao vinne vilivyoachiana nafasi vilidumu wiki kadhaa, na hapo ni sinapsi zenyewe zinapungua idadi, sio kemikali tu.

Kwahiyo wako mguse mara 10 kwa siku, siku nne. Weka na mwingine wa saizi yake usiyemgusa kabisa, siku ya tano wajaribu wote wawili, linganisha sekunde, halafu warudishe ulikowatoa.