Namna ya kupunguza matumizi ya umeme nyumbani
Kabla ya kununua uniti nyingine za LUKU, soma wati zilizoandikwa kwenye kila kifaa, kwani uniti moja ni sawa na wati 1,000 zinazotumika kwa saa 1. Balbu ya kizamani ya wati 60 inayowaka saa 5 kila usiku humaliza uniti 9 kwa siku 30, ilhali balbu ya LED ya wati 9 hutumia uniti 1.35 tu.

Jokofu lahitaji uangalifu zaidi: lisogeze mbali na ukuta na jiko ili joto lake lipate pa kutokea, usiingize sufuria ya maharage kabla haijapoa (haraka ambayo wengi wetu tunayo), kisha bana karatasi mlangoni, ikichomoka kwa urahisi, mpira umechoka na unafaa kubadilishwa. Nguo zipigwe pasi kwa mkupuo mmoja.