Namna ya kubishana kuhusu vikosi vya Deep Purple kwa hoja

Ubishi kuhusu Deep Purple huharibika mapema kwa sababu moja: watu wawili wanataja bendi moja huku kila mmoja ana kikosi chake kichwani. Huyu anamsikia Ian Gillan akipaza sauti, yule anamsikia David Coverdale. Tangu bendi hii ya roki ianzishwe Uingereza mwaka 1968, ni mtu mmoja tu ambaye hajakosekana katika kikosi chochote, naye ni Ian Paice, mpiga drams. Kwa hiyo kusema "zamani walikuwa bora" hakumsaidii mtu. Taja kikosi, taja albamu, ndipo ubishi uanze.

Mashabiki huviita vikosi hivyo "Mark" na kuvipa namba za Kirumi. Mark I ni Ritchie Blackmore kwenye gitaa, Jon Lord kwenye ogani, Paice, mwimbaji Rod Evans na Nick Simper kwenye besi. Mwaka 1969 Evans na Simper wakatolewa, wakaingia Gillan na Roger Glover kutoka bendi ya Episode Six. Hiyo ndiyo Mark II, ya In Rock (1970), Fireball (1971) na Machine Head (1972). Gillan na Glover walipoondoka mwaka 1973, nafasi zao zikashikwa na Coverdale na Glenn Hughes. Hao ni Mark III, wenye Burn na Stormbringer, zote za 1974. Blackmore naye akaondoka 1975, akaja Tommy Bolin, na Mark IV ikatoa albamu moja tu ya studio kabla ya bendi kuvunjika 1976.

Baada ya hapo hesabu huchafuka. Mark II ilirudi 1984 na Perfect Strangers, ikampisha mwimbaji Joe Lynn Turner (Mark V, albamu ya 1990), kisha Gillan akarudi tena 1992. Ukisema "Mark II" bila mwaka, mwenzako anaweza kukujibu kwa albamu ya 1993, naye hatakuwa amekosea. Halafu kuna mpiga gitaa Joe Satriani, aliyeziba pengo la Blackmore, alipoondoka tena, kwenye ziara za 1993 na 1994 bila kurekodi albamu ya studio. Kubalianeni mapema kama mnamhesabu. La sivyo, namba za vikosi vya Steve Morse (gitaa baada ya Satriani), Don Airey (ogani baada ya Lord) na Simon McBride (gitaa baada ya Morse) zitapishana mpaka mwisho wa mazungumzo.

Sasa kazi yenyewe, yaani kusikiliza kwa jozi. Tafuta wimbo mmoja uliopigwa na vikosi viwili. Jozi ya kwanza ni "Hush": Mark I waliurekodi 1968, na Mark II wakaurekodi upya studio 1988. Blackmore, Lord na Paice wamo kote kuwili, hivyo unachopima ni mwimbaji, besi na ile miaka ishirini iliyopita katikati. Usisahau hiyo miaka. Wengi humlaumu Gillan kwa jambo lililoletwa na studio ya miaka ya themanini.

Jozi ya pili ina utajiri zaidi. Chukua "Smoke on the Water" kutoka albamu ya jukwaani Made in Japan, iliyorekodiwa Agosti 1972, na ule wa Live in London, uliorekodiwa Mei 1974. Sikiliza kila mmoja mara tatu. Mara ya kwanza fuata besi na drams peke yake: Glover anashikilia mdundo na kuuacha ukae, ilhali Hughes anajaza nafasi zilizo wazi, na ladha ya muziki wa soul inajitokeza. Mara ya pili fuata sauti. Mark II ina Gillan peke yake. Mark III ina waimbaji wawili, Coverdale kwa sauti nzito ya bluzi na Hughes kwa sauti ya juu. Ndiyo maana hoja ya kwamba Coverdale hafiki alikofika Gillan haina uzito: katika kikosi kile, kupanda juu ilikuwa kazi ya Hughes.

Mara ya tatu tenganisha gitaa na ogani. Hapa hata wasikilizaji wazoefu hukosea, kwa sababu Lord aliipitisha ogani yake ya Hammond kwenye amplifaya ya Marshall, ikakwaruza kama gitaa. Sikiliza mwisho wa noti. Blackmore huvuta waya, kwa hiyo noti yake hupinda na kutetemeka. Noti ya ogani husimama palepale, kwa nguvu ileile, mpaka kidole kiinuke. Ukishaitambua tofauti hiyo, utaona kwamba sehemu kubwa ya uzito unaosifiwa kwa Blackmore ni ya Lord. Hilo pia ndilo linalofanya kuondoka kwa Lord mwaka 2002 kuwe badiliko kubwa kuliko wengi wanavyokubali.

Kagueni toleo kabla ya kugombana. Fireball ya Uingereza ina "Demon's Eye", lakini ya Marekani ina "Strange Kind of Woman" mahali pake. Machine Head ya 1997 ina diski mbili, na mojawapo ni michanganyo mipya ya Glover, kwa hiyo mtu anayelalamika kwamba gitaa limebadilika huenda anasikia kweli.

Kwa Morse, pima kwanza muda. Alikaa tangu 1994 hadi 2022, wakati vipindi viwili vya Blackmore vikijumlishwa havizidi miaka kumi na saba. Kumwita mgeni aliyeshika nafasi tu ni kupuuza karibu nusu ya umri wa bendi. Anzia Purpendicular ya 1996, si rekodi za jukwaani anapopiga nyimbo za Blackmore.

Bolin naye mpime kwa Come Taste the Band ya 1975. Last Concert in Japan haifai kutolewa kama ushahidi, kwa kuwa usiku ule wa Desemba 1975 mkono wake wa kushoto ulikuwa na matatizo, na Lord alilazimika kuzibeba sehemu nyingi za gitaa kwa ogani.