Raketiboli kwa anayeanza: acha mpira ushuke kwanza

Nafundisha wanaoanza raketiboli, mchezo wa kupiga mpira ukutani kwa raketi ndani ya chumba, kwenye jumba la michezo la chuo hapa Marekani. Wengi wao ni wanafunzi waliotoka Kenya, Tanzania na Kongo, watu wenye mbio na pumzi za soka. Karibu wote huanza kwa kuukimbilia mpira. Ukigonga ukuta wanaufuata, ukidunda wanaurukia ungali usawa wa kifua, ukigeukia pembeni wanageuka nao. Robo saa haijaisha wako hoi, na mpira wameupiga mara chache tu, tena vibaya. Raketiboli ni mchezo wa kusubiri, na mwongozo huu wote unalenga kukufundisha kusubiri.

Uwanja kwa kawaida hauko mbali. Mchezo huu aliubuni Joe Sobek mwaka 1950 katika YMCA ya Greenwich, Connecticut, akatumia vyumba vya handiboli ya ukutani vilivyokuwapo tayari. Ndiyo maana hadi leo utavikuta viwanja katika YMCA nyingi na katika vyuo vikuu. Ukiwa mwanafunzi, mara nyingi kadi ya chuo inatosha, na sehemu nyingi mapokezi wanaazima raketi na miwani. Uliza kabla ya kununua chochote.

Hatua ya 1: Linda macho

Usiingie bila miwani ya kinga, hata kama uko peke yako, hata kama ni dakika tano. Mpira ni wa raba, mtupu ndani, kipenyo chake kama milimita 57, na mikononi mwa mchezaji wa juu hupita kilomita 240 kwa saa. Wa anayeanza hauna kasi hiyo, ila una ubaya mwingine: hakuna anayejua unakwenda wapi. Miwani ya kusomea haikulindi, kwani kioo chake kinaweza kupasuka ndani ya jicho. Tafuta yenye lenzi za polikaboneti, plastiki ngumu, zilizotengenezewa michezo ya raketi.

Raketi ina kamba mkiani. Ipitishe mkononi, uizungushe ikaze. Ni sharti la kanuni, na mkono wenye jasho huachia raketi bila kukuonya. Viatu viwe raba za ndani zenye soli isiyoacha alama.

Mpira wa bluu unakufaa. Udondoshe kutoka usawa wa macho. Usipofika kiunoni unaporudi, umechoka, tafuta mwingine.

Hatua ya 2: Kijue chumba

Uwanja una upana wa mita 6.1, urefu wa mita 12.2, na ukuta wa mbele una kimo cha mita 6.1. Kuta zote nne zinachezwa, na dari pia. Pigo lako linaweza kupitia ukuta wa pembeni, wa nyuma au dari, mradi lifike ukuta wa mbele kabla ya kugusa sakafu. Mwenzako naye anatakiwa aupige kabla haujadunda mara ya pili.

Katikati ya sakafu kuna mstari mfupi. Mbele yake, kama mita moja na nusu, kuna mstari mwingine, na kati ya hiyo miwili ndipo anaposimama anayeanzisha mpira. Nyuma ya mstari mfupi, kwa umbali uleule, kuna mstari wa vipande vipande. Huo ukumbuke, tutaurudia.

Hatua ya 3: Shika raketi

Kwa fohendi, yaani pigo ambalo kiganja kinatazama mbele, simamisha uso wa raketi wima kisha ushike mpini kama unampa mtu mkono. Pembe iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada ikae juu ya mpini. Shika chini kabisa, kidole kidogo kikiwa ukingoni. Kwa bekihendi, yaani pigo la upande wa pili ambalo mgongo wa mkono unatazama mbele, zungusha mkono kidogo sana juu ya mpini, kuelekea kushoto kama unatumia mkono wa kulia. Usipozungusha, uso wa raketi utafunguka na mpira utapaa. Zoeza mkono kubadilisha hata ukiwa umekaa nyumbani.

Hatua ya 4: Dondosha, subiri, piga

Hapa ndipo unapotakiwa kukaa muda mrefu. Wengi hupitisha siku moja kisha wanataka mechi, na miezi baadaye bado wanapiga mpira wa kifuani.

Simama karibu na mstari mfupi, bega likielekea ukuta wa mbele, magoti yamelegea. Inua raketi nyuma ya sikio kabla ya kuuachia mpira. Udondoshe mbele ya mguu wa mbele. Utadunda, utapanda, utaganda kidogo, kisha utaanza kushuka. Usiuguse unapopanda. Ngoja ufike usawa wa goti, ikiwezekana chini ya goti. Hapo kanyaga mbele, zungusha nyonga, mkono ufuate, na kifundo cha mkono kimalizie kwa kufyatuka.

Sababu ni hii: mpira uliopigwa kutoka kifuani hugonga ukuta juu, hudunda, hufika ukuta wa nyuma na kurudi ukiwa mzuri kabisa kwa mpinzani. Uliopigwa kutoka chini ya goti hugonga ukuta chini, hudunda mara mbili mapema, na mzunguko, yaani kule kupigiana hadi mmoja akose, umekwisha. Tofauti hiyo haitokani na nguvu, inatokana na subira.

Mpira ukienda kushoto kuliko ulivyokusudia, umeupiga mapema. Ukienda kulia, umechelewa (kwa fohendi ya mkono wa kulia). Rekebisha hilo tu, usirekebishe mambo matatu kwa mara moja. Ukiona kumi mfululizo inakwenda sawa, rudi nyuma hatua mbili, anza tena. Kisha fanya yote hayo kwa bekihendi, na ipe muda mwingi zaidi, kwa sababu wapinzani wote watakushambulia upande huo.

Hatua ya 5: Ukuta wa nyuma ni rafiki

Aliyetoka kwenye tenisi huona mpira ukimpita akadhani umekwenda. Hapa utarudi. Simama kwenye nusu ya nyuma ya uwanja, rusha mpira kwa mkono ugonge ukuta wa nyuma, udunde, kisha tembea nao kuelekea mbele, raketi iko juu tayari. Unapokuwa nao sambamba na umeshuka gotini, piga.

Kosa la kawaida ni kusimama pale ulipodhani mpira utaangukia. Mpira unatembea, nawe tembea. Anza karibu na mstari mfupi kuliko ukuta, kwa sababu ukiganda nyuma utaupata umekwisha kukupita. Binafsi nahesabu kwamba mtu ameanza kucheza siku anapouacha mpira mgumu umpite kwa hiari yake, akaungojea utoke nyuma ukiwa rahisi.

Hatua ya 6: Kuanzisha

Dundisha mpira mara moja sakafuni, uupige. Lazima uguse ukuta wa mbele kwanza, kisha udunde nyuma ya mstari mfupi. Njiani unaruhusiwa kugusa ukuta mmoja wa pembeni, si zaidi. Ukidunda kabla ya mstari, ukigusa dari, au ukifika ukuta wa nyuma kabla ya kudunda, ni kosa, na unapewa nafasi ya pili. Lakini ukigusa ukuta mwingine kabla ya ule wa mbele, zamu imekwenda moja kwa moja.

Anza na mpira wa kupandisha. Upige polepole uguse juu kwenye ukuta wa mbele, urudi kwa upinde mrefu, udunde nyuma ya mstari mfupi na kufia kona ya nyuma, upande wa bekihendi ya mpinzani. Mpira wa kasi wa chini unavutia macho, lakini ukikosea kidogo unampa mpokeaji zawadi katikati ya uwanja. Huo utakuja baadaye.

Hatua ya 7: Kupokea, na kazi ya dari

Simama katikati ya upana wa chumba, karibu na ukuta wa nyuma kiasi kwamba ukipiga hatua moja na kunyoosha raketi unaugusa. Mpira wa kuanzia ukija juu ya bega, usijaribu kuumaliza. Upeleke darini, hatua moja hivi kabla ya ukuta wa mbele. Utatoka darini, utagonga ukuta, utadunda juu na kumsukuma mwenzako hadi nyuma kabisa. Huku wewe unarudi katikati.

Katikati kwenyewe ni hatua moja au mbili nyuma ya ule mstari wa vipande vipande. Baada ya kila pigo rudi hapo. Mpira ukiwa nyuma yako, geuza kichwa utazame juu ya bega, usigeuze mwili mzima kuukabili.

Hatua ya 8: Mwenzako ana mwili

Mnacheza watu wawili wenye raketi ndani ya chumba kimoja. Ukiona pigo lako linaweza kumpata mwenzako, kwa raketi au kwa mpira, shikilia mkono na useme kwa sauti. Mzunguko unarudiwa, hakuna aliyepoteza. Nawe ukishapiga, mpishe. Ana haki ya kuuona mpira na kupata nafasi ya kuupiga moja kwa moja hadi ukuta wa mbele. Asiyeshikilia mkono simchezeshi, hata awe hodari namna gani.

Kuhusu alama: kwa kanuni za zamani anayeanzisha tu ndiye anayepata, michezo miwili ya alama 15 na wa tatu, ukihitajika, wa 11. Mashindano ya kimataifa sasa huhesabu kila mzunguko hadi 11. Ulizaneni kabla ya kuanza.

Kwa walio Nairobi au Mombasa wenye viwanja vya skwoshi na si vya raketiboli: Uingereza kuna mchezo wa jamaa, Squash 57, unaotumia mpira wa milimita 57 ndani ya uwanja wa skwoshi. Dari haichezwi, na chini ya ukuta wa mbele kuna bati usiloruhusiwa kugonga, kwa hiyo lenga juu kidogo. Hatua ya 4 na ya 5 zifanye huko kama zilivyo.