Dhoruba ikitoka baharini: namna ya kupima mvua na upepo ukiwa nyumbani

Mtu akiniambia kwao ilinyesha milimita 120, swali langu la kwanza ni: kwa saa ngapi? Milimita 120 zikigawanyika mchana kutwa na usiku kucha, ardhi isiyoshiba maji huweza kunywa sehemu kubwa. Hizo hizo zikishuka kwa saa mbili, mtaa umefurika. Jumla ya siku ndiyo inayotangazwa, lakini mimi naona thamani ya daftari la nyumbani iko kwenye saa ile mbaya kuliko zote. Kwa hiyo tujipange kuikamata.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji kwenye kila mita moja ya mraba. Paa la mita za mraba 80 likipokea milimita 120, limepokea lita 9,600. Zikija kwa saa mbili, hizo ni lita 80 kila dakika zinazotafuta pa kutokea. Ukishaiona namba hiyo hutangoja kuambiwa usafishe mifereji ya paa kabla wingu halijafika.

Kipimamvua cha dukani ni kizuri, ila angalia uwezo wake. Vingi vidogo vya plastiki hufurika mapema, na kikifurika hakikuambii kitu tena. Cha kujitengenezea kinatosha: faneli yenye mdomo wa duara, chini yake chupa au dumu. Pima kipenyo cha mdomo wa juu wa faneli, siyo wa chupa. Mdomo wa sentimita 10 una eneo la sentimita za mraba 78.5, kwa hiyo kila milimita ya mvua hukuletea mililita 7.85. Gawanya mililita ulizokusanya kwa 7.85, umepata jibu. Chupa ya lita moja na nusu chini ya faneli hiyo itajaa mvua ikifika takriban milimita 190. Unadhani hazifiki? Mnamo Januari 1966, kimbunga Denise kilimwaga milimita 1,825 ndani ya saa 24 huko Foc-Foc, kisiwani Réunion, na rekodi hiyo ya dunia ingali imesimama. Foc-Foc iko juu milimani: upepo uliojaa mvuke wa bahari ulisukumwa upande mlima, ukapoa, ukaachia maji yake. Ndiyo maana wanaoishi kwenye miinuko nyuma ya pwani wasijilinganishe na namba za ufukweni. Weka dumu, achana na chupa.

Ndoo haina ubaya kama akiba, mradi kuta zake ziwe wima. Iliyopanuka juu na kusinyaa chini usiipime kwa rula, utadanganyika. Mimina maji yake kwenye chombo chenye alama za mililita, kisha gawanya kwa eneo la mdomo kwa sentimita za mraba, na jibu lizidishe kwa 10 upate milimita.

Mahali pa kukiweka ndipo wengi wanapoharibu. Kikiwa karibu na ukuta, ukuta unakizuia mvua inayokuja kwa ubavu. Kikiwa chini ya mti, kinapima matone ya majani. Kiweke mbali na ukuta au mti angalau mara mbili ya urefu wa huo ukuta au mti. Kiinue kutoka ardhini ili matone yanayoruka yasiingie, na kikaze kwa vigingi kabla upepo haujaanza, maana ukishaanza hutakaza kitu. Mdomo ulale sawasawa kabisa. Kuna watu hukiinamisha upande upepo unakotoka wakidhani wanakisaidia. Wanapima kitu kingine ambacho hakuna wa kukilinganisha nacho. Upepo mkali utapitisha matone juu ya mdomo, kwa hiyo namba yako itakuwa pungufu kuliko ukweli. Usiirekebishe kwa kubahatisha. Andika ulichokiona, pembeni ongeza “upepo mkali”.

Soma kila saa, na mvua ikichacha soma kila dakika 15 kama unaweza kukifikia bila kutoka kwenye kinga. Macho yawe usawa wa maji. Maji hupinda kidogo pembeni mwa silinda, yaani kile chombo chenye alama za mililita; soma chini ya mpindo. Jani moja mdomoni mwa faneli linatosha kuvuruga saa nzima, kwa hiyo pitisha kidole kila unapofika. Andika kwa penseli, kwani wino wa kalamu nyingi hukimbia karatasi ikilowa. Na saa iandike 20:00, usiandike saa 2, la sivyo wiki ijayo utajiuliza ilikuwa asubuhi au usiku.

Upepo una ujanja wake. Tangazo linaweza kutaja kasi mbili, na watu huzichanganya. Kasi ya wastani kwa kawaida ni ya dakika 10. Ile ya mvumo wa ghafla ni ya sekunde 3 tu. Nyumba huvunjwa na hizo sekunde 3. Nguvu ya upepo hupanda kwa mraba wa kasi: wastani ukiwa kilomita 80 kwa saa na mvumo ukafika 120, kasi imezidi kwa nusu lakini msukumo kwenye bati umezidi mara mbili na robo. Unapofunga madirisha na kuondoa mabenchi uani, jiandae kwa namba kubwa. Tangazo likija kwa mita kwa sekunde, zidisha kwa 3.6, likija kwa noti za mabaharia, zidisha kwa 1.852.

Kipimaupepo cha mkononi ukikisimamisha barazani kitakupa upepo wa barazani. Vituo rasmi hupima kwenye mlingoti wa mita 10 mahali pa wazi. Mimi natazama miti: miti mizima ikiyumba na kutembea kukiwa kugumu, wastani umefika kati ya kilomita 50 na 61, vijiti vikianza kukatika, umevuka 62. Hapo kipimamvua nakiacha kijisomee chenyewe mpaka kutulie. Hakuna namba inayostahili kupigwa na bati lililong'oka.

Andika pia upepo unatoka wapi. Uupe mgongo: kusini mwa ikweta kitovu cha dhoruba kiko upande wako wa kulia, kaskazini kiko kushoto. Kama ni kimbunga na upepo umekatika ghafla wakati kanieneo ya hewa, yaani mgandamizo wake, imeshuka mno, usitoke kwenda kufunga kamba. Huenda uko ndani ya jicho, ile sehemu tulivu katikati ya kimbunga, na upepo utarudi kutoka upande wa pili.

Kanieneo inakuhusu kwa sababu nyingine. Ikishuka hektopaskali moja, kipimo chake cha kawaida, bahari huinuka karibu sentimita moja. Ikishuka 40, hizo ni sentimita 40 kabla upepo haujaanza kuyasukuma maji nchi kavu. Kwa hiyo nyakati za maji kujaa ziwe zimeandikwa juu ya ukurasa mapema, hasa wakati wa bamvua. Bahari ikiwa juu, mifereji inayomwaga baharini haimwagi, na mvua ambayo ingepita kwa amani wakati wa maji kupwa inarudi mitaani.

Kukishatulia, nenda kwenye dumu kabla jua halijaanza kufyonza. Silinda yako ikiwa imevunjika, pima maji kwa mizani: toa uzito wa chombo, na kila gramu ihesabu kama mililita moja. Dumu likiwa limefurika, andika “zaidi ya” kisha kiwango chake cha mwisho. Likiwa limeanguka, andika limeanguka, na kama unajua saa, itaje. Halafu lisimamishe upya leo leo, faneli juu, vigingi vimekazwa. Mikanda ya mvua inayoburutwa nyuma ya dhoruba huweza kufika kesho yake.