Hekima ya Wastoiko ni mazoezi, anza hivi

Nianze na kitu kilichonichukua miaka kukielewa. Falsafa ya zamani, hasa hii ya Wastoiko, haikuwa ya kusoma na kusifia, ilikuwa ni mazoezi, kama mtu anavyoufanyisha mwili mazoezi, unarudia, unashindwa, kesho unarudia tena. Mimi nilikuwa naisoma kama misemo mizuri tu, nikiguswa na maneno nayaweka stetasi basi imeisha, lakini nikikwaruzana na mtu kazini hasira ni zile zile na usiku usingizi haupatikani vile vile. Mambo yalianza kubadilika nilipoacha kukusanya misemo nikashika zoezi moja na kulifanya kila siku. Kwa hiyo hapa nakupa mazoezi yenyewe, namna ya kuyafanya, na pale ambapo watu wengi wanakosea.

Kidogo tu kuhusu hao watu ni akina nani. Kama umesoma Matendo ya Mitume sura ya 17 ushakutana nao, wapo kati ya wale wanafalsafa waliojadiliana na Paulo kule Athene. Mwanzilishi wao aliitwa Zeno, mtu wa kisiwa cha Kupro, inasimuliwa kwamba meli aliyokuwa nayo na bidhaa zake ilizama, akaishia Athene na ndo akaingia kwenye falsafa, na kwenye mwaka 300 hivi kabla ya Kristo akawa anafundisha kwenye ukumbi mmoja wa wazi wenye nguzo na michoro, sisi tungesema baraza tu, kwa Kigiriki stoa, na jina lao limetoka hapo. Hii naipenda sana. Shule ilianzia barazani, sehemu ambayo watu wanapita na shughuli zao. Baadae wakaja watatu ambao ndo tunawasoma zaidi leo, Seneca aliyekuwa tajiri na mshauri wa Nero, mtawala wa Roma, Epictetus aliyekuwa mtumwa, na Marcus Aurelius aliyetawala dola ya Roma kuanzia mwaka 161 mpaka 180. Mtumwa na mtawala walikuwa wanafanya mazoezi yale yale, na daftari binafsi la Marcus, ambalo sehemu yake aliandika akiwa vitani maeneo ya mto Danube, limejaa marudio, jambo lile lile analiandika leo na kurasa kadhaa mbele analiandika tena. Hakuwa amesahau, alikuwa anajifunza.

Sasa zoezi la msingi, ambalo hata kama hutafanya mengine hili lifanye, ni la kugawa. Epictetus alifundisha kwamba kuna mambo yaliyo mikononi mwetu na mengine hayapo. Yaliyo mikononi ni namna unavyolichukulia jambo, unachoamua kufanya, unachokitaka na unachokikwepa. Yasiyo mikononi ni mwili wako, mali, cheo, watu wanakusemaje. Hapa ndo wengi wanakosea, wanadhani maana yake ni kuyagawa mambo ya maisha kwenye mafungu mawili halafu fungu la pili unasema potelea mbali. Sio hivyo kabisa. Karibu kila jambo lina pande zote mbili ndani yake, na kazi yako ni kuchora mstari katikati ya jambo hilo hilo moja.

Chukua karatasi, sio kichwani, kichwani kila kitu kinachanganyika. Chora mstari katikati. Tuseme una usaili wa kazi wiki ijayo. Kushoto andika yaliyo yako: kujiandaa, kuijua hiyo kazi inahusu nini, kulala mapema, kufika kabla ya muda, kujibu ukweli. Kulia andika yasiyo yako: nani mwingine ameomba, wanaokuhoji wameamkaje siku hiyo, kama nafasi ilishaahidiwa mtu. Wastoiko walikuwa na mfano wa mpiga mishale, kazi yake ni kulenga vizuri na kuuachia mshale vizuri, ukishatoka kwenye upinde upepo unaweza ukavuma na shabaha yenyewe ikasogea, hapo haimuhusu tena. Ukimaliza kuandika utaona kitu, upande wa kulia unaweza kuwa na mistari kumi na hakuna hata mmoja wa kukufanya uinuke kwenye kiti ukafanye kitu, ila kila mstari wa kushoto una kazi ndani yake. Hofu zako zote ziko kulia na kazi zako zote ziko kushoto.

Nilikuja kujua uzito wa hili mama alipoumwa. Wiki za mwanzo nilikuwa nazunguka tu, nasoma kila kitu kuhusu ule ugonjwa kwenye simu mpaka usiku wa manane, asubuhi nimechoka, namjibu mkato mtu ambaye ndo namuogopea asiondoke. Siku moja nikachora ule mstari. Kulia kulikuwa na kitu kimoja kikubwa, mwili wake utaipokeaje tiba. Kushoto kukawa na dawa kwa saa zake, kumsindikiza kliniki, kuandika maswali ya kumuuliza daktari kabla hatujaingia, kumkanda miguu, kukaa nae bila simu mkononi. Uchungu haukuisha, naomba nieleweke hapo, karatasi haiondoi uchungu. Ila nguvu niliyokuwa naimwagia upande wa kulia ilirudi upande wa kushoto, na yeye mwenyewe akaniambia siku hizi umetulia. Nayashukuru sana yale maneno mpaka leo.

Zoezi la pili ni ndugu wa hili. Epictetus anasema watu hawasumbuliwi na mambo yenyewe bali na hukumu zao juu ya hayo mambo, na Marcus nae anajikumbusha asijiongezee chochote zaidi ya kile alichoona kwanza, mfano umeambiwa kuna mtu anakusema vibaya, hiyo ndo habari iliyokufikia, kwamba umedhurika hiyo haijasemwa. Namna ya kufanya: ukijikuta umevurugika, andika kilichotokea kama shahidi anayetoa maelezo, aliyesimama pembeni na hamjui mtu yeyote pale. "Nimemtumia meseji asubuhi, ameisoma, mpaka jioni hajajibu." Nukta. Halafu mstari wa chini andika ulichoongeza wewe: "ananidharau, nimemkosea, hanitaki tena." Ziangalie hizo sentensi mbili kwa pamoja. Ya kwanza unaweza kuithibitisha, ya pili umeitunga mwenyewe na ndo inayokuuma, na wahenga walishasema mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Sisemi kwamba ulichoongeza ni uongo muda wote, kuna wakati mtu kweli anakudharau, ila sasa unajua ni dhana na unaweza kwenda kumuuliza badala ya kuishi nayo wiki nzima. Hata wataalamu wa tiba ya akili wameichukua hii, Albert Ellis na Aaron Beck, Wamarekani wawili waliojenga tiba ya kurekebisha fikra kwenye karne ya 20, wote walikiri kwamba mzizi wa wazo lao uko kwa Wastoiko.

Asubuhi kuna zoezi fupi, dakika mbili, kabla hujashika simu. Marcus alikuwa anajiambia leo nitakutana na mtu mbea, asiye na shukrani, mwenye majivuno, mdanganyifu, mwenye wivu. Wengi wanaishia hapo wanasema huyu mzee alikuwa na mtazamo mbaya wa watu, kumbe hawajasoma mpaka mwisho, maana anaendelea kusema hawa ni ndugu zangu, tumeumbwa kushirikiana kama mikono, kama miguu, kama meno ya juu na ya chini. Kwa hiyo fanya nusu zote mbili. Taja kwa jina, kimya kimya, mtu mmoja ambaye leo kuna uwezekano akakuudhi na atakuudhi vipi, halafu jiulize mimi na yeye tunafanya kazi gani pamoja. Ukifanya ya kwanza bila ya pili unatoka nyumbani umekunja sura tayari, hiyo sio falsafa tena. Epictetus nae alikuwa na namna yake, kabla ya kwenda kuoga kwenye mabafu ya umma jikumbushe kule kuna wanaorusha maji, wanaosukuma, wanaotukana, wanaoiba, basi unaenda kuoga na pia unaenda kuilinda nia yako. Badala ya bafu weka foleni, weka barabarani, weka grupu la familia kwenye simu, maana ni ile ile.

Kuhusu hasira sitaongea sana kwa sababu dawa yake ni moja. Seneca aliandika vitabu vitatu kuhusu hasira, na tiba kuu anayoitaja ni kuchelewa. Basi. Hasira hasara, tunalijua hilo toka utotoni, shida ni kwamba zamani kulikuwa na umbali kati ya hasira na anayelengwa, leo kidole kiko juu ya kitufe cha kutuma. Andika jibu lako lote la hasira sehemu ambayo hakuna jina la wa kumtumia, kwenye noti za simu au karatasi, lala, asubuhi lisome. Mimi mara nyingi nimeishia kutuma sentensi moja tu kati ya kumi, na sentensi hiyo ndo ilikuwa na hoja.

Kuna lingine la kujinyima kwa hiari. Seneca anamshauri rafiki yake Lucilius atenge siku chache aishi kwa chakula kidogo cha bei ya chini kabisa na nguo ngumu, halafu ajiulize, ndo hiki nilichokuwa nakiogopa? Ni zuri, lakini nina maoni yangu hapa. Kama maisha yameshakubana usijiongezee, wewe uko kwenye zoezi tayari bila kuliomba. Hili linamfaa anayeogopa kupoteza raha alizozizoea. Na niseme lingine linaloniuma, kuna watu wanaitumia falsafa hii kumwambia mtu anayepigwa au kunyanyaswa avumilie. Hapana. Kuondoka, kushtaki, kuomba msaada, yote hayo ni maamuzi, yako upande wa kushoto wa karatasi yako. Na kama huzuni haikutoki wiki na wiki, hulali, huli, kamuone daktari, ni tendo la busara kabisa na haligombani na mazoezi haya.

La mwisho ndo nalipenda kuliko yote, la usiku. Seneca anasema alilitoa kwa mtu aliyeitwa Sextius, ambaye kila usiku alikuwa anaiuliza nafsi yake: leo umetibu kasoro gani? Umepinga tabia gani mbaya? Wapi umekuwa bora zaidi? Seneca mwenyewe taa ikishaondolewa na mkewe, aliyekuwa anaijua tabia hiyo, akishanyamaza, anaipitia siku yake yote bila kujificha kitu. Halafu kuna sehemu ambayo watu wanairuka, anajiambia usirudie tena hilo, kwa leo nakusamehe. Bila hiyo sehemu zoezi linageuka kuwa la kujichapa, unalala na aibu na kesho yake hutaki hata kuligusa daftari.

Fanya hivi. Daftari dogo, peni, mistari mitatu au minne inatosha. Andika tendo, usiandike sifa yako. "Mimi mtu mbaya" haikusaidii kitu, lakini "nimemkatiza mdogo wangu akiongea mbele za watu" inasaidia, kwa sababu kesho unampigia unamwambia samahani, jana ulikuwa unasema nini vile? Mimi niliipiga simu hiyo, aliongea karibu saa nzima, nikagundua kuna mambo alikuwa anataka kuniambia muda mrefu. Andika na jema pia hata likiwa dogo, swali la tatu la Sextius linalidai, na kwa watu waliozoea kujilaumu hilo ndo gumu zaidi.

Usianze na yote kwa pamoja, mbio za sakafuni huishia ukingoni. Anza na hili la usiku kwa wiki tatu, halafu ongeza ule mstari wa karatasi kila jambo likikusumbua, mengine yatajiita yenyewe. Na anza na vitu vidogo, Epictetus alikuwa anawaambia wanafunzi wake mafuta yakimwagika kidogo, divai ikiibwa kidogo, sema hii ndo bei ya utulivu, hakuna kinachopatikana bure. Kikombe kimevunjika, basi limekuacha, intaneti imekata katikati ya kazi, hapo ndo uwanja wa mazoezi, maana ukisubiri msiba ndo uanze kujifunza utakuwa umechelewa. Na ukiruka usiku mmoja kwa uchovu usirudi nyuma kujaza wa jana, andika tarehe ya leo uendelee.