Picha za Irma Stern studioni: anza na mbao, uso utakuja baadaye

Marehemu baba alikuwa fundi wa kuchonga milango hapa Unguja. Siku moja nilimletea picha ya zamani ya Irma Stern, yule bibi mchoraji wa sura za watu, akiwa studioni kwake Rosebank, Cape Town. Baba hakumtazama bibi. Kidole chake kilikwenda moja kwa moja kwenye fremu iliyotundikwa nyuma yake. "Huu ni mwimo wa mlango," akasema. Tukachukua lenzi. Kweli, mnyororo ulichongwa kufuata urefu wa ubao, na ulipofika kwenye kona pete ilikuwa imekatwa katikati. Mchongaji hawezi kumaliza kazi yake hivyo. Ubao ulichongwa kwa ajili ya mlango, kisha mtu mwingine akaukata kwa kipimo cha turubai.

Tangu siku hiyo picha za studio naanza kuzisoma kwenye mbao, nawe ufanye hivyo. Stern alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1894, akasomea uchoraji Ujerumani, akahamia nyumba ya Rosebank mwaka 1927 na kukaa humo hadi alipofariki mwaka 1966. Picha isiyo na tarehe inaweza kuangukia popote katika miaka hiyo. Lakini Zanzibar alikuja mwaka 1939, akarudi 1945. Kongo alikwenda 1942, tena 1946. Kwa hiyo ukiona fremu ya mbao zetu za milango ya Zanzibar, usiiweke picha hiyo kabla ya 1939. Ukiona kigoda cha Waluba, watu wa Kongo, kinachobebwa kichwani na sanamu ya mtu, sogea mpaka safari za Kongo.

Baada ya hapo nenda kwenye turubai iliyo juu ya stendi. Kuza pembe zake utafute saini, maana mara nyingi aliandika jina na mwaka. Herufi zikisomeka kinyume, picha ilisafishwa negativu, yaani ile filamu yake, ikiwa imegeuzwa, na kila ulichokiita kushoto ni kulia. Mwaka ukisomeka, shika jambo moja: picha ya kamera haikupigwa kabla ya mwaka huo, ila yaweza kuwa ilipigwa miaka mingi baadaye. Mpiga picha akija, mchoraji hutoa kazi anayoipenda, hata kama rangi ilishakauka zamani.

Rangi usizikisie. Filamu nyingine za zamani zilionyesha nyekundu kama nyeusi na buluu kama nyeupe, kwa hiyo kilemba cheusi pichani si lazima kiwe cheusi. Tafuta mchoro wenyewe ulinganishe. Programu za simu zinazopaka rangi zenyewe mie sizitaki kabisa kwenye kazi hii.

Picha ya karatasi ishike kingoni kwa mikono mikavu, uitazame karibu na dirisha, mwanga ukiingia kwa ubavu. Selotepu isiiguse. Nyuma andika kwa penseli laini, bila kukandamiza.

Sasa uso. Simaanishi wa Stern. Namaanisha wa yule aliye ndani ya turubai. Mchoro wake wa mwaka 1945 unaoitwa "Kasisi wa Kiarabu", wenye fremu ya mbao za Zanzibar, uliuzwa London mwaka 2011 kwa zaidi ya pauni milioni 3. Kasisi! Kwetu mtu yule angeitwa shehe, na angekuwa na jina, na jina la baba yake. Anwani ya mchoro haina hata moja. Hilo linaniuma kila ninapolisoma.

Kwa hiyo ukimaliza na lenzi, toa nakala kubwa ya sehemu ya turubai peke yake, uipeleke barazani kwa wazee wa Malindi au Shangani, mitaa ya Mji Mkongwe hapa Unguja. Picha yenyewe iache nyumbani. Usiwatajie anwani kwanza. Waache watazame pua, kilemba, namna joho lilivyokaa begani. Watakachosema kiandike kwa maneno yao, na pembeni uweke nani kasema na siku gani.