Namna ya kumfuatilia tajiri wa zamani wa Mombasa na ukoo wake

Wanafunzi hunijia nyumbani, Mji wa Kale, na swali lao ni moja: "Mwalimu, nataka kuandika maisha ya tajiri fulani wa enzi ya Mwingereza, yule aliyejengea watu shule. Nianzie wapi?" Huwaambia waziache sifa zake kwanza. Anza na jina.

Tumchukue Allidina Visram, maana hapa kila mtu anaijua shule yake. Alizaliwa Kera, huko Kutch, Bara Hindi, akaja pwani akali mdogo, akafanya kazi Bagamoyo kwa mfanyabiashara Sewa Haji Paroo. Baadaye akafungua maduka yake kwenye njia za misafara, na reli ilipopanda bara kutoka Mombasa, maduka yakapanda nayo. Alifariki 1916. Sasa tazama: Visram ni jina la babake. Mwanawe, aliyejenga shule miaka ya 1920 kumkumbuka mzazi, ni Abdulrasul Allidina Visram. Katika koo kama hizi mjukuu mmoja hushika jina la baba, mwingine la babu, na ndugu wa tumbo moja wakaonekana kwenye karatasi kama watu baki. Kwa hiyo, kabla hujapiga hodi ofisi yoyote, andika daftarini kila namna ambayo jina lingeweza kuandikwa: Allidina, Alidina, Aladina, Visram, Vishram. Karani aliandika alivyosikia. Kwa liwali, yaani mtawala wa mji kwa niaba ya Sultani, Sir Ali bin Salim, kazi ni nyepesi zaidi, kwani jina lenyewe linakutajia babake, Salim bin Khalfan, ambaye naye aliwahi kuwa liwali.

Kisha nenda kwenye mawe: ya msingi, ya kisima, ya kaburi. Omba ruhusa kwa msimamizi, piga picha asubuhi jua likiwa la upande, herufi zilizofifia zitainuka. Usilisugue jiwe wala kulipaka chaki. Tarehe ndizo huwapoteza wengi. Mwaka wa Hijria 1334 ulianza Novemba 1915 ukaisha Oktoba 1916, basi bila mwezi huwezi kusema ni mwaka gani wa Kizungu. Ukikuta maandishi ya Kigujarati yenye mwaka wa Samvat, kalenda ya Kihindi, ondoa 56 upate mwaka wa Kizungu. Ikiwa tarehe iko kati ya Diwali na mwisho wa Disemba, ondoa 57.

Karatasi ninayoipenda kuliko zote ni Gazeti Rasmi la Serikali, lililoanza 1899. Matoleo mengi ya zamani yanasomeka bure kwenye intaneti. Humo tafuta matangazo ya mirathi, ukianzia mwaka wa kifo na kuendelea miaka kadhaa mbele, maana mali ya tajiri haigawanywi kwa siku moja. Tangazo fupi laweza kukutajia marehemu, aliyeomba kusimamia mali, na wakili wake. Halafu kuna ardhi. Sheria ya Hatimiliki ya 1908 iliwataka watu wa pwani wadai mashamba na viwanja vyao rasmi, na madai hayo huwataja majirani, waliouza na waliorithi. Kwa familia za Kiislamu, hati ya wakfu, yaani ya mali iliyofungwa isiuzwe, ni hazina: mwenye mali huandika nani afaidike, watoto na wajukuu. Tume ya Wakfu ina ofisi hapa hapa Mombasa. Nenda na barua kutoka shuleni au chuoni, useme wazi unatafuta nini.

Ukishapata hayo ndipo uende kwa wazee. Salimia, kaa, kunywa kahawa uliyopewa, usitoe simu ya kurekodi kabla hujaruhusiwa. Wala usiulize "mwaka gani?" Uliza: "Bibi, wakati huo ulikuwa umeshaolewa?" au "Ilikuwa kabla ya uhuru?" Na waulize kina mama hasa. Mawe na magazeti yamejaa wanaume. Mke wa tajiri na binti zake mara nyingi hutajwa kama "mke wa" au hawatajwi kabisa. Bibi mmoja anayekumbuka nani aliozwa kwa nani, mahari ilitoka nyumba ipi, na nani alinyonyesha mtoto wa nani, atakujazia matawi ambayo hakuna karani aliyeyaandika. Alichosema mzee mmoja kiandike kwa kalamu ya risasi mpaka karatasi au mzee wa nyumba nyingine akithibitishe.

Jambo moja nalisisitiza kwa kila mwanafunzi, hata akinuna: fuata pesa pia. Allidina alifanya biashara ya pembe za ndovu, baadaye pamba. Pembe hizo zilibebwa mabegani na wapagazi, pamba ililimwa na wakulima. Ukiandika aliyetoa bila kuandika waliobeba, umeandika nusu ya maisha yake.

Walio hai usiwataje kwa jina bila idhini yao, hata kama nasaba itabaki na pengo. Na ukimaliza, chapisha nakala mbili zaidi: moja ya familia, moja ya maktaba ya shule, na kwenye kila picha andika nyuma nani kasimama wapi, kuanzia kushoto.